Fimbo Moja na Mkono wa Kushoto

Sogeeni karibu, na wewe uliyesimama mlangoni ingia au toka, usinizibie mwanga. Leo sina hadithi ya kubembeleza watoto. Nina kesi. Mimi nitasema, ninyi mtahukumu, na asiyetaka kuhukumu asiguse karanga zangu.

Wenyeji mnanijua. Kwa ajili ya wageni, mimi ni Mwalimu Anyimike, nafundisha darasa la tano, na ni mlezi wa skauti wa kike hapa Kibisi, huku mlimani kwenye chai na ukungu. Ndiyo, skauti wa kike. Nimeulizwa hadi nimechoka. Eti msichana anajifunza kufunga kamba ili amfunge nani? Eti anapiga filimbi ili amwite nani? Zamani nilikuwa nacheka na kuwajibu kwa upole. Siku hizi sicheki.

Katika kikosi changu kuna wasichana watatu ambao mnapaswa kuwajua kabla sijaendelea.

Wa kwanza ni Subilaga. Huyu kapewa macho. Mimi na wewe tukipita njiani tunaona njia. Subilaga anaona nani kapita kabla yetu, kama alikuwa na haraka, na kama alibeba mzigo. Haongei sana, na ukimwona ameinama chini usimkanyagie mbele yake, atakununia siku nzima.

Wa pili ni Bupe. Huyu kapewa mikono. Ni mipana na migumu, na darasani walimwita Jembe mpaka akaacha kunyoosha mkono hata pale alipojua jibu. Siku niliyompa kamba, aliifunga, akaifungua, akaifunga tena, na tangu hapo hakuificha tena mikono yake chini ya dawati. Fundo la Bupe halifunguki mpaka Bupe atake.

Wa tatu ni Tusekile. Huyu kapewa sauti. Simaanishi kelele, maana hapigi kelele hata siku moja. Ni mdogo wa umbo, skafu inamfika karibu na kiuno, lakini akisema "simama" mtu anasimama kwanza, halafu ndiyo anajiuliza kwa nini. Wenzake wenyewe ndio waliomchagua kuwa kiongozi wa kikosi, mimi sikumtaja.

Mmewashika? Macho, mikono, sauti. Haya.

Ilikuwa Jumamosi, siku yetu ya mazoezi, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka paa la shule halionekani. Tukamwona bibi mmoja anakuja mbio uwanjani, kanga imemlegea, miguu mitupu. Mjukuu wake, Lugano, mtoto wa darasa la kwanza, alikuwa ametoka asubuhi kumfuata ndama mlimani. Ndama amerudi nyumbani peke yake. Mtoto hajarudi.

Watu wakaitana. Wanaume wakajaa pale shuleni, na skauti wa kiume wakaja na kiongozi wao, kijana anaitwa Ambakisye. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mwakibete, akaanza kugawa watu: hawa wapite barabarani, hawa wapite kwenye chai, vijana wa skauti waende na wanaume. Kisha akatugeukia sisi. Akasema, "Nanyi mabinti, kaeni hapa mchemshe chai, watu wakirudi wapate kitu cha moto."

Mtoto kapotea mlimani, na wasichana ambao nimewafundisha miaka kutafuta aliyepotea wanaambiwa wachemshe chai. Mimi nilifungua mdomo, na yangetoka maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele ya wanafunzi. Tusekile akaniwahi.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Chai ipo kwenye chupa, tuliichemsha asubuhi. Tunaomba kamba yako ya ng'ombe."

Wanaume wakacheka. Mzee Mwakibete akampa kamba, nadhani ili tumwondokee.

Sasa mjue jambo moja kuhusu skauti, maana baadaye mtaniuliza mimi nilikuwa wapi. Mlezi haongozi kikosi. Kikosi kina kiongozi wake, na mlezi hukaa nyuma, afunge mdomo, isipokuwa aone mtu anakufa. Hivyo ndivyo mtoto wa kike anavyojifunza kuamua: kwa kuachwa aamue. Kwa hiyo nilikuwa nyuma, na magoti yangu yananiuma, na mdomo nimeufunga. Msidhani ilikuwa rahisi.

Subilaga akatangulia. Wanaume walikuwa wameshapita njia ile ile wakiita "Lugano, Lugano," na buti zao zilikuwa zimevuruga kila kitu. Subilaga hakuita. Aliinama. Pembeni mwa njia, kwenye majani, akapata alama za kwato za ndama, na juu yake nyayo ndogo za mtoto. Akafuata. Kila tulipopinda aliacha alama ya mshale wa vijiti, ili wa nyuma wajue tumeelekea wapi. Tukafika kwenye jiwe kubwa, akasimama. Kwato ziliendelea kupanda. Nyayo hazikuendelea. Akazunguka jiwe lile polepole, akagusa jani la mgomba pori lililovunjika, akasema, "Ameteleza hapa. Yuko chini." Akaweka vijiti viwili vilivyopishana, alama inayosema usipite hapa, kwa sababu chini ya yale majani hapakuwa na ardhi, palikuwa na korongo la mto. Bila macho yale tungempita Lugano kama walivyompita watu wazima wote wa Kibisi.

Tukamsikia sasa, analia. Ukungu ukafunguka kidogo, tukamwona kwenye kijiwe kilichochomoza ukutani mwa korongo, mguu umepinda vibaya, na mto unanguruma chini yake. Wasichana wote walitaka kukimbilia ukingoni. Bupe alikuwa ameshaweka mguu mmoja. Tusekile akasema, "Kaeni chini. Hakuna anayeshuka mpaka niseme." Wakakaa, na pale Bupe alipokuwa amekanyaga udongo ukameguka ukaanguka mtoni. Lugano alipotuona akaanza kujiinua ili aje kwetu. Tusekile akalala kifudifudi, akamwambia kwa sauti ile ile ya kawaida, "Lugano, shika huo mzizi. Usisimame. Niambie ndama wako anaitwa nani." Mtoto akashika mzizi, akajibu. "Na mama yake ndama anaitwa nani?" Akajibu tena. Huku anamwongelesha, kwa vidole anaonyesha wenzake mti wa kufungia kamba, anamtuma mmoja akapige filimbi njiani ili watu waje na machela. Bila sauti ile Lugano angesimama, na angesimama mara moja tu.

Bupe akafunga. Alifunga kamba kwenye mti ule, akaijaribu kwa uzito wake, akajifunga mwenyewe kwa fundo lile lisilomkaza mtu hata akining'inia. Akashuka. Kamba ya ng'ombe ni fupi, ikaishia juu ya kijiwe, akavua mkanda wake na skafu akaviunganisha mwishoni mwa kamba. Alipomfikia Lugano aliufunga mguu uliovunjika kwenye kijiti, akamfunga mtoto mgongoni kwake kama mama afungavyo, akatikisa kamba. Juu, wasichana wakavuta: vuteni, shikeni, vuteni. Jiwe likakwaruza mikono ya Bupe mpaka damu ikatiririka kwenye kiwiko. Hakuna fundo hata moja lililoteleza. Bila mikono ile tungebaki juu tukimwongelesha mtoto mpaka achoke kushika.

Na wanaume? Filimbi walisikia. Mishale ya Subilaga waliikuta, wakaipiga teke, wakaulizana nani kamwaga kuni njiani. Tukatengeneza machela wenyewe kwa fimbo zetu mbili na sweta zetu, tukamshusha Lugano mpaka barabarani. Hapo ndipo Ambakisye na wenzake walipotupokea. Wakaibeba machela kutoka barabarani hadi zahanati, ambayo ukirusha jiwe unaifikia, na hapo ndipo mtu mmoja akapiga picha kwa simu.

Mnajua picha ilionyesha nani kabeba machela. Sitawaambia, mnajua.

Lugano alipona. Mguu umeunga, juzi nimemwona anakimbia. Basi, ikatangazwa kwamba kutakuwa na sherehe, na kwamba mgeni rasmi atakuja na Fimbo ya Kambi. Wageni, Fimbo ya Kambi si tuzo ya kupamba ukuta. Anayeishika ndiye anayeongoza kambi ya skauti wa wilaya nzima mwaka huo. Anatembea mbele ya vikosi vyote, wavulana kwa wasichana, na akisema tupige hema hapa, zinapigwa hapo. Tangu ichongwe haijawahi kushikwa na msichana.

Siku ya sherehe turubai limefungwa, pilau inanukia, wazazi wamejaa. Likaitwa jina la kikosi chetu. Nilidhani nimepata wazimu wa furaha. Tusekile, kwa kuwa ndiye kiongozi, akatoka mbele, akapiga saluti, akanyoosha mkono wake wa kushoto.

Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Dunia nzima, ndiyo salamu yao. Wanasema ndio mkono ulio upande wa moyo. Nyumbani hatumpi mtu mkono wa kushoto, nami nawafundisha hivyo hivyo, mkubwa apewe wa kulia. Lakini mgeni rasmi alikuwa amevaa skafu ya skauti shingoni siku ile. Tulimvalisha wenyewe getini.

Alikuwa ametoa mkono wa kulia. Ukabaki unaning'inia hewani. Akautazama mkono wa Tusekile kama mtu aliyeonyeshwa kitu kichafu. "Hii ndiyo adabu mnayofundishwa?" akauliza.

Nikasimama. "Mheshimiwa, hiyo ndiyo salamu ya skauti."

"Mama, kwetu mkono wa kushoto una kazi yake," akasema kwenye kipaza sauti, na turubai zima likaangua kicheko. Wazazi wa hawa hawa wasichana walicheka. Niliwaona, na baadhi yao wapo hapa, wanatazama chini.

Kisha akamwita Ambakisye. Ambakisye, skauti tangu darasa la nne, anayeijua salamu ile kuliko anavyolijua jina la babu yake, akatoa mkono wa kulia na kuinama kidogo. "Umeona?" akasema mgeni rasmi. "Kijana ana malezi." Akampa fimbo. Watu wakapiga makofi.

Hebu niambieni. Msichana alishika kanuni yake mbele ya watu, akaitwa hana adabu. Mvulana aliiacha kanuni ile ile, akaitwa ana malezi.

Tusekile hakurudi kwenye mstari. Alisubiri makofi yaishe, akaenda mpaka mbele ya Ambakisye, akamnyooshea mkono wa kushoto. Vikosi vyote viwili vinatazama. Ambakisye akababaika, akahamisha fimbo, akampa wa kushoto.

"Lugano ulimkuta wapi?" Tusekile akamuuliza.

"Barabarani."

"Nani alikuwa amembeba?"

Kijana akatazama chini. "Ninyi," akasema. Akamrudishia mgeni rasmi fimbo. Sina ugomvi na kijana huyo. Nina ugomvi na ile hali kwamba mpaka mvulana aseme ndipo watu waamini.

Mgeni rasmi akaona aibu, na aibu yake ikatoka kama hasira. Akaniwekea fimbo mikononi. "Haya, wapeni wasichana wenu. Lakini fimbo ni moja na anayeishika ni mmoja. Sitaki zamu, sitaki kikundi. Jina nilipate kabla ya kambi, la sivyo inarudi kwa kijana." Akaenda kula pilau.

Jamani, wavulana wakifanya jambo watatu, huitwa kikosi kikapigiwa makofi. Wasichana wakifanya jambo watatu, huulizwa: lakini hasa ni nani? Mmewahi kusikia wakiulizwa wavulana?

Tulipobaki wenyewe, niliwaita watatu wale barazani mwa darasa langu, nikailaza fimbo juu ya dawati. Nilitegemea watasema mpe huyu, hapana mpe yule, kama wasichana wanavyofundishwa tangu wadogo kwamba kutaka kitu ni aibu. Hawakusema hivyo, na kusema kweli nilijisikia fahari.

"Naitaka," Bupe akasema. Mikono yake ilikuwa bado na makovu mabichi. "Mbona mnanitazama? Macho mlikuwa nayo salama juu, na maneno mlikuwa mnayasema salama juu. Aliyening'inia ni mimi. Niliposhuka sikujua kama kamba itatosha. Kiongozi si yule anayekwenda kwanza mahali pa hatari?"

"Ungening'inia juu ya nini?" Subilaga akamjibu, naye haongei sana. "Ungefunga kamba kwenye mti upi? Kila mtu aliita jina la Lugano mpaka sauti zikakauka, na kila mtu alimpita. Mimi nilitembea mbele yenu wote kwenye ukungu, mkanifuata bila kuuliza. Kama hilo si kuongoza, nifundisheni kuongoza ni nini."

"Fimbo si ya kushuka korongoni wala ya kutafuta," Tusekile akasema. "Ni ya kuongoza watu. Bupe, ulikuwa unataka kushuka na ule udongo. Nani alikukalisha? Kila mmoja wenu alifanya kazi yake, na mimi niliona kazi zote."

Bupe akalitoa lile ambalo sote tulikuwa nalo kooni. "Na siku ya sherehe? Uliona mkono wake wa kulia umeshatoka. Ungempa wa kulia, mtu mmoja, mara moja, tungeondoka na fimbo ya kikosi na hili lote lisingekuwepo. Ulijua atakasirika?"

"Nilijua."

"Ukampa wa kushoto hivyo hivyo."

"Nilikuwa nimesimama pale kwa niaba yenu," Tusekile akasema. "Ningempa wa kulia, ningerudi kwenye mstari niwaangalie vipi?"

"Ungerudi na fimbo," Bupe akasema.

Tangu siku ile fimbo ipo nyumbani kwangu, nyuma ya mlango, na kila anayeingia ananipa ushauri. Muuguzi wa zahanati anasema Bupe, maana mguu uliofungwa korongoni ndio uliomwezesha kuutibu. Bibi yake Lugano anasema Subilaga, maana mtu huvutwa kutoka mahali alipoonekana. Mzee Mwakibete, ambaye sasa ananiamkia kwa mbali, anasema Tusekile, kisha anaongeza, lakini ajifunze adabu. Nilimuuliza hata Lugano mwenyewe. Akafikiri sana, akasema apewe ndama, kwa sababu alirudi nyumbani peke yake bila kusumbua watu.

Nawaona mnavyojipanga kunikwepa, kwa hiyo niwafungie njia. Msiniambie niikate vipande vitatu, fimbo iliyokatwa ni kuni. Msiniambie wapeane zamu, mgeni rasmi ameshakataa, na nikimpelekea majina matatu anampa Ambakisye kesho yake. Msiniambie nipige kura, kwa kura mvivu wa kufikiri atashukuru na mwenye haki atalia. Wala msiniambie nigome, nikamrudishie. Nimewaza kugoma, wallahi nimewaza. Lakini nikigoma, mwaka huu tena vikosi vya wasichana vitatembea nyuma ya mvulana, na mwaka ujao wataambiwa: si mlipewa nafasi mkashindwa kukubaliana wenyewe kwa wenyewe?

Kambi inaanza wiki ijayo. Fimbo hii hapa, nimekuja nayo, ipitisheni muishike muone uzito wake. Subilaga yule pale, na Bupe, na Tusekile, wamekaa mstari wa mbele na wanawasikia, kwa hiyo mtakachosema mtakisema mbele ya macho yao. Aliyemwona, aliyemshukia, au aliyewaongoza wote kisha akakataa kubadili mkono?

Je, wewe ungempa nani? Inuka useme, nakusikiliza. Ila kabla hujafungua mdomo, njoo hapa mbele tusalimiane, nione utanipa mkono upi.